Spika Inayoita Bila Kuitwa: Mhadhara kwa Walimu na Mafundi wa Tabora



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi wetu tumelilalamikia, ila wachache wamekaa chini wakalitafutia kiini: kompyuta kujiunganisha na spika ambayo mwenyewe hakuichagua. Mwalimu anafungua somo la video mbele ya darasa, picha inatokea ukutani, sauti haisikiki hata kidogo. Imekwenda kwenye sabufa ya chumba cha pili. Mama anawasha sabufa yake jioni asikilize taarifa ya habari, inamtolea muziki wa mpangaji wa chumba cha mbele. Ofisa anaingia kwenye kikao cha mtandaoni na spika zake za masikioni, na mara tu anapofungua maiki sauti za wenzake zinakuwa nyembamba kama za simu ya upepo.

Watu husema ni virusi. Wengine husema ni wadukuzi, wengine kifaa kimekufa, na wapo wanaosema ni mauzauza. Mimi nimeshughulika na kompyuta za shule na ofisi katika mji huu kwa miaka mingi, na msimamo wangu ni kwamba karibu kila mara chanzo ni kumbukumbu. Vifaa viwili vilipatana siku moja, na tangu siku hiyo hakuna aliyeviambia kuwa mapatano yamekwisha.

Watu wa Tabora tuna sababu ya kulielewa hili upesi kuliko wengine. Mji wetu, enzi ulipojulikana kwa majina ya Kaze na Unyanyembe, uliishi kwa njia. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika hapa. Na hapa njia ziligawanyika, moja kwenda Ujiji, moja kaskazini hadi Karagwe na Buganda, moja kusini hadi Katanga, ambako Msiri, mtu aliyetokea huku kwetu, alijijengea dola. Njiani kote watemi walidai hongo, yaani ushuru wa kupita, na hongo ilijadiliwa upya kila safari: nguo ngapi, shanga za namna gani, msafara una watu wangapi na umebeba nini. Kwamba ulipita mwaka jana hakukukupa haki ya kupita mwaka huu. Na mwaka 1871, mtemi Mirambo alipogombana na wafanyabiashara wa Unyanyembe, aliifunga njia ya Ujiji. Stanley, aliyekuwa anamtafuta Livingstone, alikwama hapa kwa wiki nyingi, kisha akalazimika kuzunguka kwa upande wa kusini.

Bluetooth imejengwa kwa kanuni iliyo kinyume na ile. Hongo inalipwa mara moja tu, siku ya kwanza. Baada ya hapo mlango uko wazi miaka yote, na mgeni haulizwi tena anakwenda wapi wala amebeba nini. Wengi wetu hatukuambiwa hivyo siku tulipobonyeza kitufe cha kukubali, na hapo ndipo matatizo yote nitakayoyaeleza leo yanapoanzia.

Waliobuni teknolojia hii hawakukosea. Walitaka iwe hivyo. Mwaka 1994, katika kampuni ya Ericsson mjini Lund, Sweden, mhandisi Jaap Haartsen na wenzake walianza kutafuta namna ya kuondoa waya kati ya simu na vifaa vyake. Mwaka 1998 Ericsson, IBM, Intel, Nokia na Toshiba ziliunda umoja wa kuisimamia kazi hiyo, na toleo la kwanza likatoka 1999. Lengo lilikuwa mtu asihangaike: avae kifaa sikioni, kiungane chenyewe, aongee. Kwa mtu mmoja mwenye simu moja na kifaa kimoja cha sikioni, mpango huo unafaa sana. Lakini nenda kwenye nyumba ya wapangaji pale Isevya au Ng'ambo, vyumba vinane chini ya bati moja, kuta nyingine hazijafika juu, kila chumba kina simu mbili na sabufa, na mmoja wao ana kompyuta. Waliobuni hawakuiwazia nyumba hiyo.

Waya una fadhila moja ambayo tumeipoteza: unaonekana. Ukitaka kujua sabufa imeunganishwa na nani, unaufuata kwa macho hadi mwisho wake. Bluetooth haina cha kufuatwa kwa macho, kwa hiyo anayetaka kutafuta kosa lazima ajue yanayotendeka ndani. Nitayaeleza kwa ufupi.

Bluetooth hutumia mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, yale yale yanayotumiwa na Wi-Fi nyingi. Mfumo wake wa kawaida una chaneli 79, na vifaa vilivyoungana huruka kutoka chaneli moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde, kwa mpangilio vinaoujua vyenyewe tu. Wazo la kurukaruka hivyo lina historia ndefu. Mwaka 1942 mwigizaji Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil walipewa hataza Marekani kwa mpango wa kuongoza torpedo kwa redio inayohamahama, ili adui asiweze kuivuruga. Nalitaja kwa sababu linavunja dhana moja iliyoenea sana mjini hapa, kwamba sabufa yako ikipiga muziki wa jirani basi "mawimbi yamegongana". Redio ya FM inaweza kumezwa na kituo chenye nguvu zaidi. Bluetooth haimezwi namna hiyo. Mawimbi ya jirani yakiingiliana na yako, sauti yako itakatikakatika. Muziki wake hautatokea kwenye spika yako. Ukiusikia muziki wake, jua kuna kifaa chake kilichopokelewa na spika yako, na swali la kuuliza ni kilipokelewa lini na kwa njia gani.

Kupokelewa kuna hatua mbili, na fundi anayezichanganya hatafika popote. Ya kwanza ni kuoanisha. Hapo vifaa viwili hutambuana kwa anwani zao, kila kimoja kina anwani ya tarakimu na herufi 12, kisha hutengeneza ufunguo wa siri ambao kila kimoja hukaa na nakala yake. Hii hufanyika mara moja. Hatua ya pili ni kuungana, nayo hufanyika kila siku: kifaa kimoja huita, kingine huitika, funguo zinalinganishwa, sauti inapita. Unapozima kompyuta au kutembea hadi stendi, muungano umekatika lakini ufunguo umebaki pale pale. Hata baada ya mwaka mzima upo.

Sasa swali ambalo nawaomba mafundi mliandike: nani anaita? Wengi hudhani kompyuta ndiyo inayoitafuta spika. Kwa vifaa vya sauti, mara nyingi ni kinyume chake. Spika nyingi zikiwashwa hufungua orodha yao ya ndani na kukiita kifaa cha mwisho kilichoungana nazo. Kisipoitika, nyingine huendelea kuviita vilivyotangulia. Kompyuta yenye Bluetooth iliyowashwa inasikia mwito, inaona ufunguo ni sahihi, inaitika. Hakuna aliyegusa chochote. Kisha Windows, kwa kawaida, ikiona kifaa kipya cha sauti kimeungana, hukifanya ndicho cha kutolea sauti, na spika ya kompyuta inanyamaza. Mwalimu aliye mbele ya darasa anaona sauti imepotea, kumbe imehamia chumba kingine.

Niwape mfano wa shule moja ya sekondari, ambayo sitaitaja. Siku ya mahafali walichukua kompyuta mpakato ya maabara, wakaioanisha na sabufa ya ukumbi, wakapiga wimbo wa taifa na nyimbo nyingine, shughuli ikaisha vizuri. Wiki zilizofuata mwalimu wa baiolojia akaanza kuona maajabu. Katikati ya somo, sauti inakatika. Si kila siku. Mara nyingi ni mchana. Akampa fundi wa kwanza, naye akasema kadi ya sauti imekufa, akauza kadi ya nje ya kuchomeka. Ikafaa siku chache, sauti ikapotea tena. Fundi wa pili akasema ni virusi, akapiga Windows upya. Tatizo likaisha! Shule ikaridhika na ikalipa. Yakaja mahafali mengine, ikachukuliwa kompyuta ile ile, ikaoanishwa na sabufa ile ile, na mwalimu wa baiolojia akarudi kwenye mateso yake.

Mchana ndio wakati kwaya ya shule ilipofanya mazoezi ukumbini. Kiongozi wa kwaya akiwasha sabufa, sabufa inaita, kompyuta ya maabara, ukuta wa pili, inaitika. Kupiga Windows upya kulisaidia kwa sababu kulifuta nakala ya ufunguo iliyokuwa ndani ya kompyuta, basi. Windows ilisingiziwa. Dawa yenyewe ilikuwa kazi ya dakika mbili: kukiondoa kifaa kwenye orodha ya kompyuta, kisha kwenda ukumbini na kushikilia kitufe cha Bluetooth cha sabufa hadi taa ianze kumemeta haraka, ishara kwamba kumbukumbu yake imefutwa. Fedha zilizotumika kwa kadi na kwa Windows zingenunua vitabu. Huniuma kila ninapoukumbuka mkasa ule, maana shule zetu hazina fedha za kuchezea.

Kwa hiyo kanuni ni hii: futa pande zote mbili. Ukifuta kwenye kompyuta peke yake, spika itaendelea kuita, na inaweza kuhamia kompyuta nyingine iliyo kwenye orodha yake, ukadhani ugonjwa unaambukiza. Ukifuta kwenye spika peke yake, kompyuta itabaki na ufunguo usiofungua chochote. Itaonyesha kwamba kifaa kimeoanishwa lakini kila ukijaribu kuunganisha itakataa. Spika nyingi zilizotangazwa zimekufa nimezikuta katika hali hiyo, nzima kabisa. Namna ya kufuta kumbukumbu ya spika hutofautiana: nyingi hutaka ushikilie kitufe cha Bluetooth kwa sekunde kadhaa, nyingine hutaka vitufe viwili kwa pamoja. Kijitabu kilichomo kwenye boksi kinaeleza. Tuache kutupa vijitabu hivyo.

Lakini kabla ya kufuta chochote, tafuta anayeita. Zima spika. Tazama orodha ya vifaa kwenye kompyuta na uone kipi kimeandikwa kimeungana. Washa spika bila kugusa kompyuta. Ikiungana yenyewe ndani ya sekunde chache, umemjua mwitaji. Isipoungana na kompyuta lakini inatoa sauti usiyoijua, zima Bluetooth ya simu zote za nyumbani, moja baada ya nyingine, ukisikiliza ni ipi ikizimwa sauti inakoma. Anza na za kwako. Kikulacho ki nguoni mwako: mara nyingi mwizi wa spika ni simu ya mwenye spika, iliyoko mfukoni mwake, au kishikwambi cha mtoto kilichoachwa kwenye kochi. Zikiisha za nyumbani na sauti bado ipo, ndipo umwulize jirani, kwa adabu, kwa sababu huenda naye hajui.

Hajui kwa sababu ya majina. Spika nyingi za bei nafuu hutoka kiwandani zikiwa na jina moja lile lile. Kijana wa chumba cha mbele anafungua simu yake, anaona jina analolifahamu, anabonyeza, na yuko kwenye sabufa yako. Na spika ambayo haina kioo wala vitufe vya namba haiwezi kumwuliza namba ya siri. Tangu toleo la 2.1 la mwaka 2007, vifaa vya namna hiyo huruhusiwa kuoanishwa bila namba yoyote. Spika ikiwa imewashwa, iko kwenye hali ya Bluetooth na haijaungana na mtu, nyingi hujitangaza kwa kila aliye karibu. Karibu ni umbali gani? Vifaa vya nguvu ndogo hukadiriwa mita 10, vya nguvu kubwa hufika hadi mita 100 mahali pa wazi. Ukuta mnene wa tofali za udongo hupunguza sana. Uwazi wa juu ya ukuta, chini ya bati, haupunguzi kitu.

Kinga yake haihitaji ufundi mkubwa. Kama unasikiliza redio au flashi, bonyeza kitufe cha hali mpaka sabufa itoke kwenye Bluetooth. Kama spika yako inaruhusu kubadilishwa jina kwa programu ya simu, ipe jina lako. Angalieni hapa: ukibadilisha jina kwenye orodha ya simu yako tu, wewe utaliona jipya, lakini jirani ataendelea kuona lile la kiwandani. Kwa kompyuta ni rahisi zaidi. Kila kompyuta ya maabara ya shule ipewe jina lake, Maabara 1, Maabara 2, na kuendelea, ili mtu akiona kwenye simu yake ajue anagusa nini.

Sasa nije kwenye kompyuta yenyewe, kwa wale ambao hawataki kufuta bali wanataka kutawala. Kuna ambao wana spika nzuri wanayoihitaji jioni na hawaitaki mchana.

Windows haina kitufe cha wazi, kwa kila kifaa cha sauti, kinachosema usiungane mwenyewe. Lakini ipo njia. Kwenye sehemu ya zamani ya vifaa na printa, ukifungua sifa za spika utakuta orodha ya huduma: moja ya kupokea sauti ya muziki, nyingine ya mazungumzo ya simu. Ondoa alama kwenye huduma usiyoitaka na kompyuta itaacha kukitumia kifaa hicho kwa kazi hiyo, ingawa ufunguo umebaki. Pia, kwenye mipangilio ya sauti, unaweza kuizuia spika fulani isitumiwe na programu yoyote, na ukairuhusu tena unapoihitaji. Njia nyepesi kuliko zote ni kuzima Bluetooth ya kompyuta unapoanza somo na kuiwasha unapomaliza. Angalia tu kwanza kama kipanya chako hakitegemei Bluetooth, usije ukabaki huna kipanya mbele ya wanafunzi.

Kwa wenye Mac na AirPods, jambo liko tofauti. Ukizioanisha AirPods na iPhone, kompyuta na vifaa vyako vyote vilivyo kwenye akaunti ile ile ya Apple vinazijua tayari, na tangu mwaka 2020 zinaweza kuhama zenyewe kutoka kimoja kwenda kingine. Unasikiliza kwa simu, kompyuta inacheza video, sauti inahama. Fungua mipangilio ya AirPods kwenye Mac zikiwa zimeungana, utafute sehemu ya kuungana na Mac hii, na uchague ziungane pale tu zilipokuwa zimeungana na Mac hiyo mara ya mwisho. Fanya hivyo hivyo kwenye iPhone.

Linux ndiyo niipendayo kwa hili, na nawashauri walimu wa kompyuta waifundishie. Yenyewe inatofautisha waziwazi kifaa kilichooanishwa na kifaa kinachoaminiwa. Kifaa kinachoaminiwa huingia bila kuuliza. Kilichooanishwa tu kinaweza kuombewa ruhusa kila kinapokuja. Ukiandika bluetoothctl kwenye dirisha la amri, kisha untrust na anwani ya spika, umeondoa imani bila kuvunja uoanishaji. Ukiandika block badala yake, umekifungia nje kabisa. Huo ndio utaratibu wa watemi wetu, kila safari na ruhusa yake, na ningependa mifumo yote ingeuweka mbele ya macho ya mtumiaji badala ya kuuficha kwenye amri.

Simu za Android nazo zina jambo la kujua. Gusa alama ya mipangilio kando ya jina la kifaa, utakuta vitufe vya simu na vya sauti ya muziki, kila kimoja peke yake. Hapo ndipo panapotatuliwa lile tatizo la simu ya mwalimu kulia kwenye kompyuta ya darasa. Simu na kompyuta zikioanishwa, simu inaweza kuichukulia kompyuta kuwa kifaa cha kupokelea simu. Zima kitufe cha simu kwa kompyuta hiyo na mazungumzo yako na mkeo hayatasikika tena kwa wanafunzi 60.

Sasa sauti nyembamba kwenye vikao. Hapa watu wametupa vifaa vizima, kwa hiyo nitakaa kidogo. Bluetooth ya kawaida hupitisha sauti kwa njia mbili zisizolingana. Ya muziki huenda upande mmoja tu, kutoka kompyuta hadi sikioni, ikiwa na vipimo 44,100 au 48,000 vya sauti kwa kila sekunde. Ya mazungumzo huenda pande zote mbili, lakini kwa vipimo 8,000 kwa sekunde kwenye vifaa vya zamani na 16,000 kwenye vipya zaidi. Vipimo 8,000 haviwezi kubeba sauti yoyote inayozidi hezi 4,000, na sikio la kijana husikia hadi karibu hezi 20,000. Unapofungua maiki ya spika za masikioni, kifaa huacha njia ya kwanza na kuhamia ya pili, maana njia ya muziki haina nafasi ya kurudisha sauti yako. Kifaa hakijaharibika. Kimebadilisha njia.

Dawa ni kutumia maiki ya kompyuta yenyewe. Ndani ya programu ya kikao, chagua spika za masikioni kwa kusikilizia na maiki ya kompyuta kwa kuongelea. Spika zitabaki kwenye njia ya muziki na utasikia vizuri. Mara nyingine programu inayofungua maiki si kikao hata kidogo. Ni ukurasa wa mtandao au programu ya kurekodi iliyoachwa wazi nyuma. Ifunge, sauti itarudi. Teknolojia mpya ya sauti, iliyokuja na toleo la 5.2, inaweza kuondoa mgawanyiko huu, ila inataka kompyuta na spika zote mbili ziwe zinaijua, na vifaa vingi tulivyo navyo huku haviijui.

Kuhusu wadukuzi, sitaki kuwatisha wala kuwalaza usingizi. Udhaifu wa kweli umewahi kugunduliwa: mwaka 2017 ulitangazwa ule ulioitwa BlueBorne, ulioweza kutumiwa dhidi ya simu na kompyuta zenye Bluetooth iliyowashwa bila mwenyewe kukubali chochote, na mwaka 2019 ukatangazwa mwingine, KNOB, uliodhoofisha ufunguo wa siri wenyewe. Watengenezaji walitoa marekebisho. Anayesasisha mfumo wake ameyapata. Anayekataa masasisho kwa kuogopa kumaliza bando hajayapata. Na sheria zipo: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwa makusudi na bila idhini kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ofisi inayopokea wagonjwa, wateja au wazazi, kisha maneno yao yakasikika kwenye sabufa ya chumba cha kusubiria, ijue kwamba imevujisha taarifa za watu, hata kama hakuna aliyekusudia.

Nimebakiza mitumba, na kwangu hili ndilo kubwa. Kompyuta na spika nyingi zinazouzwa hapa zimeshatumika kwingine. Zinafika na kumbukumbu za ofisi za Ulaya, za Dubai, za Dar es Salaam. Funguo za mbali hazitudhuru. Mwenye kifaa chake yuko kilomita mamia au maelfu. Hatari ni mitumba ya hapa hapa, ile inayotoka Gongoni kwenda Kanyenye. Umemwuzia sabufa jirani wa mtaa wa pili, simu yako ingali na ufunguo. Ukipita mlangoni kwake Bluetooth ikiwa wazi, simu yako na sabufa yake zinaungana, na ukifungua ujumbe wa sauti uliotumwa na dada yako, unasikika sebuleni kwa watu. Ugomvi umewahi kuzuka kwa jambo kama hilo, kila upande ukiuona mwingine una hila, na hakukuwa na hila yoyote.

Kwa hiyo nawaomba wauzaji wa vifaa vilivyotumika, wa sokoni na wa madukani: kabla ya kumkabidhi mnunuzi spika, redio ya bajaji au kompyuta, futeni kumbukumbu yake mbele ya macho yake, na mwuzaji wa kwanza aondoe jina la kifaa kwenye simu yake hapo hapo. Wanunuzi, msitoe fedha kabla hilo halijafanyika. Wakuu wa shule, spika ya ukumbi iwe na kompyuta moja inayojulikana, na baada ya kila shughuli ifutwe. Nanyi mafundi, mteja akileta kompyuta iliyopoteza sauti, msikimbilie kupiga Windows wala kuuza kadi. Fungueni kwanza orodha ya Bluetooth, mwulizeni ana spika ngapi nyumbani na ofisini, na mfute pande zote mbili kabla hamjafungua nati hata moja.